Matiti, Ng'ombe na Mimi: Miaka Yangu ya Uuguzi Kajiado

Siku yangu ya kwanza kazini nilivaa viatu vyeupe. Mama yangu alikuwa ameninunulia Bungoma, akisema muuguzi bila viatu vyeupe ni mpishi tu. Kufikia saa ya chai vilikuwa vimegeuka rangi ya udongo wa Kajiado, na vidole vyangu vilikuwa vinalia. Matroni, yaani muuguzi mkuu aliyetusimamia sote katika hospitali ile, alinitazama miguu kwanza, kisha ndipo akapandisha macho usoni.

"Wewe ndiye ule mpya?"

"Ndiyo, Matroni."

"Viatu vyeupe, Kajiado. Haya. Enda kwa wagonjwa wa nje. Angalia, shika, uliza. Lakini usifanye kitu yoyote kabla hujaniita."

Nawaandikia nyinyi mnaoanza kazi hii sasa, na pia nyinyi mama na binti mnaosubiri kwenye benchi mkijiuliza kama mlicho nacho kifuani ni ugonjwa au ni maumbile. Sitawaandikia kila kitu nilichokiona. Nitakaa na matiti, kwa sababu hayo ndiyo yaliyoniletea kicheko kingi kuliko kitu kingine chochote katika kazi yangu, na ndiyo yaliyotaka kuninyang'anya rafiki.

Mgonjwa wangu wa kwanza alikuwa msichana wa kama miaka kumi, ameletwa na mama yake kutoka upande wa malisho. Mama alinisalimu kwa Kimaasai, "Takwenya," nami nikamjibu "Mzuri," jambo lililowachekesha watu wote wa benchi, maana siku hizo sikujua kwamba jibu ni "Iko." Kisha mama akamvuta mtoto mbele.

"Hii mtoto iko na kitu hapa. Kama mbegu. Kata."

Nilimshika mtoto. Kweli, chini ya chuchu ya kushoto palikuwa na kidonge kigumu, sawa na punje ya maharagwe, na nilipokibonyeza kidogo aliruka. Kulia hapakuwa na kitu. Chuoni tulikuwa tumefundishwa kwamba uvimbe mgumu haupuuzwi, basi nikaanza kupanga sahani ya vyombo vya upasuaji, makasi hapa, pamba pale, nijionyeshe kwamba mimi si wa kulala. Ndipo nikamwita Matroni. Aliingia, akaitazama sahani, akanitazama mimi.

"Tunachinja nini leo?"

Nikamweleza. Akainama, akamgusa mtoto kwa vidole viwili, akamwuliza jambo kwa Kimaasai, kisha akanigeukia.

"Huyu anaanza kuota matiti, Sista. Moja limetangulia, lingine litafuata. Ukiikata hiyo mbegu umekata titi lote ambalo angekuwa nalo maisha yake. Umesikia?"

Nilisikia. Alipomfasiria mama, mama alicheka mpaka shanga zake zikapiga kelele, akamfunika binti kwa leso, akaondoka akimwita jina ambalo nadhani lilikuwa na maana ya mtu mzima. Mimi nilibaki kurudisha makasi kabatini, uso ukiniwaka moto. Matroni akaniambia neno ambalo nimelibeba tangu siku hiyo: ugonjwa ukishakuwa mkubwa kila mtu anauona, hata mpita njia; kazi ya muuguzi ni kukijua vizuri kilicho cha kawaida, ili kisicho cha kawaida kikija akitambue kingali kidogo.

Kutoka hapo nilipelekwa Entarara, kwenye zahanati ya vyumba viwili, mahindi mpaka mlangoni. Mkubwa wetu alikuwa Afisa wa Kliniki, mwanamume mwembamba ambaye watu wote walimwita daktari naye hakuwahi kuwakatalia. Huko ndiko nilikojifunza kuhusu matiti ya watoto wachanga. Bibi mmoja, aliyeitwa Kokoo kama bibi wote wa huko, alimleta mjukuu wa siku chache, mvulana, matiti yamevimba na kutoa matone meupe. Kokoo alikuwa anayakamua kila asubuhi kwa kidole gumba ili, kwa maneno yake, yasilale yakaoza.

"Kokoo, achana na hiyo matiti," Afisa wa Kliniki alimwambia. "Ukikamua, unaingiza vidudu, inafanya usaha."

"Lakini daktari, huyu ni kijana! Kijana na maziwa?"

"Si yake. Ni nguvu ya damu ya mama yake imebaki kidogo ndani yake. Itaisha yenyewe. Wewe mwoshe tu."

Kokoo alimtazama mjukuu kwa mashaka, kana kwamba amemkuta na mali ya mtu. Aliporudi baada ya majuma machache kifua cha mtoto kilikuwa bapa kama meza, na Kokoo akadai kwamba yeye alijua tangu mwanzo. Hatukumbishia.

Hapo hapo Entarara mzazi mmoja alikuja akilia kwamba amepata jipu kwapani siku ya tatu baada ya kujifungua. Lilikuwa laini, zito, na lilijaa kila maziwa yalipojaa. Wako wanawake waliozaliwa na kipande cha titi kilichopanda mpaka kwapani, na hawajui mpaka siku maziwa yanapokuja. Tulimwambia aweke kitambaa baridi, anyonyeshe kama kawaida, na kikawa kinashuka chenyewe. Lakini Afisa wa Kliniki alinifundisha pia kwamba kivimbe cha kwapani kwa mwanamke asiyenyonyesha, kilichokuja tu na kukaa, hicho ni cha kuonyeshwa daktari bila kuchelewa. Mahali ni pale pale, habari ni nyingine.

Nilipohamishiwa Kitengela, wagonjwa wangu walibadilika sura. Mji ulikuwa unakua kila wiki, maghorofa yanachomoza kwenye udongo mweusi, na wapangaji wake ni watu wa mshahara wanaoamkia Nairobi. Hawa walikuja na simu mkononi, wameshasoma kila kitu na kujihukumu. Nakumbuka binti mmoja wa benki, amevaa vizuri, amefunga mlango kwanza na kuuhakikisha.

"Sista, niko na shida. Ya kushoto ni kubwa kuliko ya kulia. Nimesoma kwa simu sijalala."

"Tangu lini?"

"Tangu nikiwa high school."

"Na viatu vyako, miguu yote inaingia sawa?"

Akafikiri. "Ya kushoto hunifinya."

"Umewahi kwenda kwa daktari juu ya mguu?"

Alicheka, akatua mzigo. Nikamweleza nilichowaeleza mamia baada yake: matiti ni ndugu, hayalazimiki kufanana. Moja linaweza kuwa kubwa, moja likashuka zaidi. Chuchu inaweza kuwa imeingia ndani tangu usichana, na hiyo ni yake. Vinundu vidogo kwenye duara jeusi si vipele, ni vya mafuta ya ngozi. Nywele mbili tatu pale si laana ya mtu. Kabla ya hedhi matiti yanajaa, yanauma, yanakuwa na mafundo kama ugali uliosongwa vibaya, halafu hedhi ikipita yanatulia. Akiongezeka mwili au akipungua, akizaa, akizeeka, yatabadilika, mistari itatokea, yatalala. Hayo yote ni maisha yanapita mwilini.

Baba mmoja wa Tuala naye alimleta mwanawe wa kidato cha pili, wote wawili wakinong'ona tangu mlangoni, kwa sababu kijana alikuwa ameota kidonge chini ya chuchu na akawa haogi mbele ya wenzake shuleni. Nikawaambia ni nguvu za kubalehe, kwa vijana wengi huja na kuondoka zenyewe katika mwaka mmoja au miwili. Baba alipumua kwa nguvu hata karatasi mezani zikasogea. Kisha nikamgeukia yeye mwenyewe, maana nilikuwa nimemkamata: mwanamume mtu mzima akipata uvimbe hapo, asiseme huu ni ugonjwa wa wanawake. Saratani ya titi huwapata hata wanaume, ingawa ni wachache, na wengi wao huchelewa kwa aibu.

Basi, nimeeleza vya kicheko. Sasa nifike Isinya.

Msimamizi wetu wa afya ya jamii, mama mkali mwenye kalamu tatu kifuani, alinituma huko kufundisha wanawake namna ya kujichunguza. Alinipa picha kubwa ya ukutani. Ilionyesha mwanamke mzungu amesimama mbele ya kioo kirefu, mkono mmoja juu ya kichwa, anajitazama kwa utulivu mkubwa. Nikaibandika kwenye ukumbi wa kanisa. Wanawake walijaa: Wamaasai wa hapo, Wakikuyu wenye mashamba na mifugo, mama wa nyumba za kupanga, wengine wametoka zamu kwenye mashamba ya maua, harufu ya dawa bado mikononi. Waliitazama picha. Kisha sauti moja ikasema:

"Huyu anajitayarisha kwenda wapi?"

Ukumbi ulivunjika mbavu. Aliyesema alikuwa Mama Muthoni. Mnene, mfupi, kitambaa kichwani, gambuti miguuni, hata ndani ya kanisa, kwa kuwa alikuwa na ng'ombe watatu wa maziwa na alikuwa ameacha kazi katikati. Aliuza maziwa yake Kitengela na aliwajua wanawake wote wa barabara ile kwa jina. Alisimama bila kuitwa.

"Sista, toa hiyo picha. Hapa nani ako na kioo kama hiyo? Na nani ako na hiyo nafasi? Uliza sisi juu ya ng'ombe." Akawageukia wenzake. "Si sisi wote tunakamua? Ng'oto Sironka, kiwele ya ng'ombe yako na yangu inafanana?"

Mama wa Kimaasai aliyeitwa hivyo, yaani mama yake Sironka, akatikisa kichwa. "Haifanani. Hata robo na robo ya kiwele moja haifanani."

"Na ikibadilika?"

"Asubuhi hiyo hiyo nitajua."

"Kwa macho?"

"Kwa mkono. Hata giza."

Mama Muthoni akaniangalia, mikono kiunoni. "Sasa fundisha."

Nikaikunja ile picha, na sikuwahi kuikunjua tena. Nikawaambia: wewe unajua kiwele cha ng'ombe wako, chuchu ipi ni fupi, upande upi una fundo tangu azae mara ya kwanza, na huendi kwa daktari wa mifugo kwa sababu ya fundo hilo. Lakini kikibadilika kitu unashtuka. Mwili wako nao uujue hivyo hivyo. Ukioga, mkono una sabuni, vidole bapa, zunguka titi lote pole pole mpaka kwapani na mpaka chini ya shingo. Mwenye hedhi afanye siku chache baada ya kumaliza, wakati mafundo yametulia. Aliyekwisha kuacha hedhi achague siku moja kila mwezi asiyoisahau, kama siku ya mkutano wa chama. Hutafuti ugonjwa, unajifunza ramani ya kwako.

Kuanzia hapo Mama Muthoni alikuwa msaidizi wangu bila mshahara. Kila nilipokwenda Isinya alikuwepo, akifasiri, akichekesha, akiwavuta waliokaa nyuma. Nikawa napita kwake jioni kununua maziwa, na tukawa marafiki wa kukaa jikoni na kusengenya kidogo.

Jioni moja nilikaa jikoni kwake akichemsha chai. Kwenye dirisha, kati ya chumvi na majani ya chai, palikuwa na kopo la mafuta ya kukamulia, yale mazito ya kulainisha chuchu za ng'ombe ili zisipasuke. Mahali pa kopo hilo ni zizini, kando ya ndoo. Tena nilijua kopo la zizini lilikuwapo, nilikuwa nimepita nikaliona.

"Mama Muthoni, siku hizi unakamulia jikoni?"

"Hiyo ni yangu," alisema akitia sukari. "Ya ng'ombe iko kwa zizi."

"Yako ya kufanyia nini?"

Alicheka, lakini hakunitazama. "Kuna kitu ngumu hapa upande wa kulia. Kama robo ya kiwele ikifunga. Si unajua vile tunafanya? Maji ya moto, unakanda, unapaka mafuta. Nakanda kila jioni."

"Tangu lini?"

"Tangu mvua ile ya kupanda."

Mahindi nje yalikuwa yamekwisha kuvunwa. Nikaweka kikombe chini.

"Na hukuniambia?"

"Nikuambie nini, Sista? Haina moto. Haiumi hata kidogo. Ng'ombe akishikwa na ugonjwa ya kiwele, ukigusa tu anakurusha na teke, robo imekuwa moto kama sufuria. Hii yangu imetulia. Kitu haiumi, ni ugonjwa gani?"

Mafundisho yote yale, na mwanamke aliyeyaelewa kuliko wote alikuwa ameyapima kwa kipimo cha zizi! Kwa ng'ombe alikuwa sawa kabisa. Kwa mtu, maumivu si hakimu. Titi la anayenyonyesha likiwaka moto, likiuma na homa juu, huyo aje haraka atibiwe. Maumivu yanayokuja na hedhi na kuondoka nayo mara nyingi si kitu. Lakini ule uvimbe wa saratani, mwanzoni, mara nyingi hukaa kimya kabisa, na ukimya wake ndio unaowadanganya watu.

Nilimwomba anionyeshe. Tuliingia chumbani. Uvimbe ulikuwa mgumu, haukusogea vizuri chini ya vidole, na alipoinua mkono ngozi ya juu yake ilivutika ndani, ikafanya kishimo. Chuchu ya upande ule, ambayo alisema zamani ilikuwa imesimama, ilikuwa imeanza kuelekea ndani. Damu haikutoka, wala maji. Kwapani sikupata kitu. Nilijikaza uso usinisaliti. Niliogopa. Nawaambia wazi, niliogopa sana.

"Kesho twende Kajiado kwa daktari," nikamwambia.

"Kesho? Na Malkia?"

Malkia alikuwa ng'ombe wake mkubwa, mweusi na mweupe, aliyezaa juzi, na ndiye aliyejaza ndoo.

"Mama Muthoni, uvimbe mwingi si saratani. Lakini huu sitaki kuukisia, na wewe usiukisie. Daktari aushike, apige picha, achukue kinyama kidogo kikapimwe."

"Sijakataa. Nasema, Malkia atakamuliwa na nani? Baba Muthoni akiingia kwa zizi ng'ombe anaficha maziwa. Hataki mwanaume. Muthoni naye akitoka Nairobi anasimama mbali na viatu yake. Ng'ombe asipokamuliwa vizuri atashikwa na kiwele, na huyo ndio shule ya wajukuu. Ngoja afikishe miezi mitatu."

Miezi mitatu! Wasomaji wa mjini watashangaa, lakini mfugaji hatashangaa. Ng'ombe wa maziwa anamjua anayemkamua, kwa mkono, kwa harufu, kwa sauti, na akija mgeni anayabana maziwa juu hata ubembeleze namna gani. Nikaona kwamba hapa hotuba ya hospitali haitasaidia kitu. Kilichosimama kati ya mwanamke huyu na daktari kilikuwa na pembe.

"Nitamkamua mimi," nikasema.

"Wewe? Na hiyo mikono ya sindano?"

"Nimelelewa Bungoma. Nilikamua kabla sijajua kusoma."

"Hakujui."

"Basi nipe nguo zako."

Tulicheka mpaka Baba Muthoni akaja kuuliza kuna nini. Nilivaa dasti koti lake, lile koti refu la kazi, lenye harufu ya samadi na maziwa ya zamani, nikafunga kitambaa chake, nikaingia kwenye gambuti zake zilizoniachia nafasi ya kuelea. Akaniambia pia niimbe, kwa sababu Malkia haachilii maziwa bila wimbo wa kanisa, tena wa Kikikuyu. Mimi ni Mbukusu. Nilijifunza beti mbili pale pale, na nadhani niliyatenda maneno yale mambo mabaya sana, maana Baba Muthoni alitoka nje akishika tumbo.

Malkia aligeuza shingo akanitazama kwa muda mrefu. Alinusa koti. Nikaosha kiwele kwa maji ya vuguvugu, nikakamua matone ya kwanza kwenye kikombe cheusi kama Mama Muthoni alivyokuwa akifanya, kuona kama maziwa yana vidonge, kisha nikaanza, nikiimba. Kwanza nilipata kidogo tu. Halafu akanipiga teke moja la pajani, la kuniweka mahali pangu, akahema, akaachilia. Ndoo ikaanza kulia. Mama Muthoni alikuwa amesimama mlangoni mwa zizi, na alipoisikia sauti ile ya maziwa alijifuta macho kwa mgongo wa mkono.

"Haya," akasema. "Kesho twende."

Kulipokucha nilikamua tena, kisha tukaenda. Daktari alimshika, akampiga picha ya mawimbi ile wanayopigwa wajawazito, akachukua kinyama kwa sindano nene. Baadaye tukangoja majibu. Siku za kungoja zilikuwa mbaya kuliko majibu. Yeye alikuwa anazungumza tu juu ya bei ya majani ya ng'ombe, mimi nikimjibu, na wote wawili tukijua tunazungumzia nini. Majibu yalipotoka yalikuwa saratani. Daktari alituambia kwa upole lakini bila kuzunguka: imekaa titini, haijaenda mbali, na kuna kazi ya kufanya. Kama tungengoja mpaka Malkia afikishe miezi yake, huenda maneno yangekuwa mengine.

Aliondolewa titi lile. Kisha akawa anakwenda Nairobi kutiwa dawa za dripu, anarudi amechoka, nywele zimekwenda, ulimi hautaki chakula. Mimi nilikamua asubuhi kabla ya kazi na jioni baada ya kazi. Ng'oto Sironka alikuja siku nilizokuwa zamu, naye alimwimbia Malkia kwa Kimaasai, na yule ng'ombe, baada ya kuvumilia Kikikuyu changu, hakuona tena ajabu. Baba Muthoni alijifunza kupika uji mwepesi. Wanawake wa kanisa walileta kuni na maneno, maneno mengine yakiwa ya kijinga, na Mama Muthoni aliwafukuza waliokuja kulia.

Siku aliyopata nguvu ya kurudi zizini alivaa lile koti lake kwa fahari. Malkia alimnusa, akarudi nyuma, akayabana maziwa. Mwili wake ulikuwa unanuka dawa. Tuliokuwa pale hatukujua tucheke au tusicheke, mpaka mwenyewe akaanza.

"Ona huyu! Ati mimi ndio mgeni!"

Ilimchukua Malkia siku kadhaa kumrudia. Alipomrudia, Mama Muthoni alirudi pia kwenye mikutano yetu, na mafundisho yake yakapata mkia mpya. Alikuwa anawaambia wanawake: ujuzi wa zizi utumie kujua kimebadilika nini, lakini ukishajua, usijitibu kama ng'ombe. Uvimbe mpya usioondoka hedhi ikipita, ngozi iliyoingia kishimo au kuwa kama ganda la chungwa, chuchu iliyogeuka kuingia ndani ilhali haikuwa hivyo, damu au maji yanayotoka yenyewe upande mmoja, kidonda au magamba ya chuchu yasiyopona, titi moja lililobadilisha umbo, jipeleke kwa daktari, hata kama unalala usingizi mtamu. Wengi wataambiwa si kitu, warudi nyumbani wakapike. Aliyeuliza akakutwa si mgonjwa hajapoteza chochote. Aliwaonyesha kovu lake pia, waliotaka kuona, bila aibu.

Nimestaafu sasa. Naishi hapa Kitengela, nina kuku, nina sukuma wiki, nina magoti yanayotabiri mvua. Siku za kwanza za kustaafu niliamka alfajiri nikatafuta sare. Nikifikiria kazi yangu yote, naona niliyowatuma haraka kwa daktari walikuwa wachache. Wengi zaidi niliwaambia kwamba wako sawa, na zamani nilidhani hiyo ni sehemu ndogo ya kazi.

Asubuhi moja, si zamani, geti liligongwa. Mama Muthoni, amevaa gauni la Jumapili siku ya Jumanne, nywele zake mpya nyeupe zimesukwa, pikapu ya maziwa inanguruma nyuma yake.

"Sista, vaa viatu."

"Tunaenda wapi?"

"Kajiado. Miaka yote ulikuwa unaangalia watu. Wewe unaangaliwa na nani?"

"Najiangalia mwenyewe kila mwezi, Mama Muthoni. Unajua."

"Hata mimi nilikuwa najishika kila jioni. Vaa viatu."

Nilivaa viatu.

Nilipigwa picha ya titi kwa ile mashine inayolikandamiza kati ya vibao viwili, kama chapati, inauma dakika ile kisha inaacha. Baadaye tukaketi benchini kungoja. Nilijua kila kitu ambacho kinaweza kuandikwa kwenye karatasi ile, na kujua huko hakukunisaidia hata chembe. Mama Muthoni alinishika mkono akaanza kunieleza bei ya majani ya ng'ombe.

Tuliitwa na binti mdogo, daktari, umri wa wajukuu zangu. Alinikalisha, akaanza tangu mwanzo, kwa sauti ya upole. "Shosho, usiogope. Kwanza ujue matiti si lazima yafanane, hata la kushoto linaweza kuwa kubwa..." Mama Muthoni akafungua mdomo kumwambia mimi ni nani. Nilimfinya paja. Nikamwacha binti aeleze yote, mpaka vinundu, mpaka nywele, na alieleza vizuri. Kisha akaigeuza picha kwangu.

"Ya kwako iko sawa, shosho. Ni ya kawaida kabisa."

Nilikuwa nimewaambia wanawake maneno hayo maisha yangu yote, mimi nimesimama, wao wameketi, halafu nikamwita anayefuata. Sikuwahi kujua yanavyoingia mwilini. Nililia hapo hapo kitini, kwa sauti, bila heshima yoyote ya kazi, na yule binti aliposhtuka Mama Muthoni akampigapiga begani akamwambia aniache kidogo kabla hajamwita mwingine.